Mlango Uliolaza Majeruhi

Mlango wa chumbani kwa Enos ulianza kunuka dawa ya usingizi, ile wanayonusishwa watu kabla ya kukatwa miguu. Waoga waishie hapa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilibadili mkondo pale pale kwao, Gettysburg. Jeshi la Kusini liliporudi kwao likivuja damu, wakulima walikwenda kudai milango yao, maana madaktari walikuwa wameing'oa, wakailaza juu ya mapipa, wakakatia watu miguu juu yake. Wenye akili waliichoma moto. Enos, bahili wa kutupwa, aliupiga randa wa kwake akaupachika.

Mguu wake wa kulia ukaanza kufa. Vidole, kifundo, halafu goti.

"Mguu huu unaogopa mavuno," mkewe Salome alisema akimkazia macho. "Mwaka jana ilikuwa mgongo."

"Nichome sindano basi, mwanamke!"

Akachoma goti kwa sindano ya kushonea. Enos akaendelea kutafuna mkate. Salome akaichomoa sindano, na pale pale, mchana kweupe, jua likiwaka juu ya ngano, wote wawili wakasikia ndani ya mbao za mlango msumeno ukienda na kurudi, taratibu, kama wa mtu anayejua hakuna wa kumzuia, na kila ulipokwenda Enos alishika paja.

Akaitwa Bibi Ketura, anayewaganga kwa maneno ya Biblia walowezi wa Kijerumani wa kule. Alinusa mlango, akarudi nyuma.

"Yumo askari kijana wa Kusini, alikatiwa mguu hapa," alinong'ona. "Anatafuta mguu. Uchomeni, na msiguse chochote cha mlango huu, hata chuma, mpaka moto ufe."

"Mwaloni mzuri hivi, Bibi?"

"Au tukuchome wewe?" Salome aliuliza, shoka mkononi.

Mlango ukawaka uani. Wanawake walipogeuka, Enos akachomoa bawaba motoni kwa koleo. Chuma kizuri, ataachaje?

Papo hapo mguu ukapata joto. Akasimama, akacheka. "Mnaona? Nimepona, na bawaba ninazo!"

Mguu ukapiga hatua. Ukapiga nyingine.

"Enos, unakwenda wapi?"

"Si mimi! Salome, nishike!"

Alimshika, akabaki na koti. Mguu wa kulia uliruka ua, wa kushoto ukiburuzwa vumbini, ukashika barabara ya kwenda Virginia, kule Kusini, ukikanyaga kwa furaha, kama wa mtu aliyeruhusiwa kurudi kwao.