Hakuuliza Mara ya Tatu

Adhuhuri ile mkahawa wa kebab wa kina Zarrabi, jirani na Soko Kuu la Tehran, ulifurika hadi watu wakawa wanakula wima. Golnar, binti wa mwenye mkahawa, alikuwa akibandika nyama ya kusaga kwenye mishikaki, mtandio wake mwekundu ukinuka vitunguu. Kebab moja ikamponyoka, ikaangukia makaa.

"Masikini, imeona bora ijiue," sauti ikasema ng'ambo ya kaunta.

Alikuwa Farzin, muuzaji wa duka la vitambaa, shati jeupe limepigwa pasi utadhani bwana harusi.

"Endelea kunichekesha, utaifuata," Golnar akamjibu.

Wakapendana. Miaka miwili Farzin alikula kebab kila mchana, hadi mama yake akadhani ana minyoo.

"Roho yangu, leo umenipunjia nyama," alilalamika kwenye simu.

"Kitambi hicho sitaki kuolewa nacho!"

Kisha baba yake Golnar akapooza. Mkahawa alioanzisha babu ukabaki mikononi mwa Golnar, akiondoka, unafungwa. Wiki hiyohiyo Farzin akapata viza ya Ujerumani. Akapiga simu.

"Golnar, sema nibaki, nami nitabaki."

"Hapana, mpenzi. Nenda. Usijisumbue kwa ajili yangu."

"Kweli nisibaki?"

"Kweli. Mimi nitakuwa salama."

Kwao, anayepewa kitu kizuri hukataa mara mbili kwa adabu, ya tatu ndipo hupokea. Golnar alishafungua kinywa aseme baki. Farzin akasema, "Haya," akakata simu. Adabu gani hizi za kumnyonga mtu mzima mzima! Golnar alingoja apigiwe tena. Alingoja miaka saba.

Farzin alirudi kwenye arobaini ya baba yake Golnar. Kitambaa cheusi kilitundikwa mlangoni, waombolezaji wakila halua kwenye meza zilezile za kebab. Alikuwa na mvi, amevaa koti la gharama. Golnar, mikono imejaa makovu ya moto, akamwekea chai.

"Mbona hukuuliza mara ya tatu?" akanong'ona.

"Ya tatu?" Farzin alimkodolea macho. "Wewe hukuwa mgeni kwangu, Golnar. Nilidhani sisi tumeshaachana na adabu za wageni. Uliposema nenda, nikajua hunitaki."

"Nilikutaka, mjinga wewe. Hata sasa nakutaka."

Simu ya Farzin ikaita mezani. Kwenye kioo ilitokea picha ya msichana wa miaka minne hivi, mwenye macho ya Farzin. Hakuigusa.

"Ipokee," Golnar akasema.

"Golnar, mimi..."

"Ipokee, Farzin. Hii siyo adabu."

Akatoka nayo nje. Kupitia dirisha lililo wazi Golnar alimwona akitabasamu kwa shida, akamsikia akimwahidi mtoto kwamba kesho anarudi. Golnar akalia kwa sauti mbele ya watu wote, nao wakaja kumshika mabega, wakimpa pole ya baba yake.