Jina la Rihan Katika Hitima

Aliyefikwa na haya ni Ramzy, ndugu yangu wa tumbo moja, na mimi ndiye niliyeyaanzisha. Ilikuwa Jumamosi ya kawaida ya mwezi wa Shaabani. Nyumbani kwetu Makina wanawake walikuwa wakimenya vitunguu vya hitima. Mimi nilikaa mlangoni, nikinakili majina ya marehemu wa ukoo kwenye daftari jipya.

"Sista, wafu wote unawajua kwa majina," Ramzy alinichokoza akienda kufungua duka lake la vipuri vya baiskeli. "Yule jamaa wa mtaa wa Ayany anakupungia mkono kila siku, humjui. Utaolewa na kaburi?"

"Nenda kazini, wewe."

Majina hayo husomwa kila mwaka katika kisomo hicho cha kuwaombea wafu, kuanzia mababu walioletwa kutoka Sudan kama askari. Nyanya yetu, Haboba Kaltuma, alikuwa akiyasoma kwa moyo. Kila mwaka, baada ya jina la saba, alikuwa akinyamaza kidogo, kisha akiendelea. Mwaka huu sauti yake ilikuwa imechoka, akaniachia mimi.

Kimya kile kilinisumbua. Kwa miaka miwili nilikichunguza. Nilikwenda Kisumu mara tatu, maana babu zetu walilinda gati pale Waingereza walipofungua bandari ya ziwani. Mzee Jeconia, karani mstaafu, alinionyesha nakala ya orodha ya askari wa zamani. Humo nikamkuta Rihan, ndugu wa babu wa baba yangu. *Alikuwa zamu gatini, 1911. Hakuonekana tena.* Chini yake yalifuata majina mengine kumi na moja ya zamu ileile, yenye maneno yaleyale.

Mtu wa 1911 hawezi kuwa hai. Nikamwandika wa nane.

Jioni ile, mbele ya wageni, nikamsoma.

Haboba alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Huyo hana kaburi," alininong'oneza. "Asiyezikwa haitwi pamoja na waliozikwa. Ukimwita, atakuja kutafuta pa kulala."

Niliona haya. Nikasoma jina lililofuata.

Jumapili, saa nane mchana, Phanice anayeuza sukuma wiki mbele ya duka la Ramzy alikuja mbio.

"Sister, kuja uone ndugu yako. Watu wanamngoja na yeye amelala tu!"

Ramzy alikuwa sakafuni, kwa ubavu wa kulia, uso kaskazini, kunako kibla. Macho yalikuwa wazi. Vidole gumba vya miguu yake vilikuwa vimefungwa pamoja kwa uzi mweupe.

Maiti hufungwa hivyo.

"Nani amekufunga?"

Aliitazama miguu yake. "Nimefungwa?"

Jumatatu tulimkuta na pamba puani na masikioni. Hakuiweka yeye. Hakujua iliingiaje.

Jumanne nilimkalisha nyumbani, nikatia komeo mlangoni, nikaketi ubavuni mwake. Nilikwenda jikoni mara moja tu, kuepua chai. Nikarudi. Nywele zake zilikuwa zimelowa. Alikuwa ananukia karafuu maiti. Chini palikuwa na maji ya matope yenye harufu ya ziwa.

Komeo lilikuwa mahali pake.

Ameoshwa. Kilichobaki ni sanda.

"Nimekosa, Haboba," nilinong'ona. "Tufanyeje?"

"Mpe pake, kabla hajachukua pa Ramzy."

Imamu alikataa. Hakuna maziko bila maiti, alisema. Haboba hakubishana naye. Alifungua sanduku lake, akatoa sanda aliyojiwekea tangu aliporudi kutoka Makka, akanikabidhi.

Asubuhi ya Jumatano binamu yetu Abdulmajid na ami Fadul walichimba kaburi la urefu wa mtu. Sisi wanawake tulisimama kando ya ukuta wa makaburi. Sanda ilikuwa tupu. Niliikunja kwa mikono yangu mwenyewe. Lakini Abdulmajid aliposhika upande wake, aliurudisha chini.

"Nzito," alisema.

Ami Fadul alishika upande wa pili kwa mikono miwili. Wakaishusha polepole, wakafukia.

Tuliporudi, Ramzy alikuwa ameketi kitandani.

"Mbona mnaniangalia hivyo? Chai iko wapi?"

Nililia mpaka Haboba akanikemea.

Ijumaa, saa nne asubuhi, nilikwenda kumshukuru Mungu na kulimwagia kaburi maji. Jua lilikuwa kali. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu.

Kando ya kaburi nyasi zilikuwa zimelala, zimelowa. Zilikuwa zimebonyea kwa umbo la mtu. Ubavu wa kulia, uso kaskazini.

Kando ya umbo hilo kulikuwa na jingine. Na jingine. Bega kwa bega, kama askari kwenye mstari, hadi kwenye njia ya kuelekea kwetu.

Nilihesabu mara mbili. Kumi na moja.

Kumi yalikuwa yametulia. Katika lile la mwisho, la karibu na njia, nyasi zilikuwa bado zinainuka, jani moja moja.