Taulo la Moto

Kila alasiri Umeme, msichana wa miaka kumi na miwili, alimkunjia mama yake nguo katika chumba cha udobi. Jina hilo alipewa na wenzake kwa wepesi wa miguu, na baada ya wiki tatu ndiye angepokea kijiti cha mwisho katika mashindano ya shule.

Siku hiyo aliruka beseni kwa mbwembwe, akatua juu ya kipande cha sabuni. Mguu ukapinda, akaanguka kwa kishindo.

"Mama! Kifundo changu!"

"Nimekuonya mara ngapi? Humu si uwanjani!" mama alifoka, kisha akapiga magoti. "Tulia, mwanangu. Mgongo wa bibi yako nimeukanda kwa joto miaka yote, ukalegea. Nawe utanyooka."

Akapitisha pasi juu ya taulo bichi hadi likafuka mvuke, akalizungusha kwenye kifundo. Umeme aliuma meno. Robo saa ilipopita, taulo likafunuliwa. Wote walipigwa na butwaa: kifundo kilikuwa kimetuna kama boga!

"Ole wangu! Nimefanya nini?"

Muuguzi, jirani yao, aliyefuata sare zake, alishtuka mlangoni. "Nani amekanda jeraha bichi?" Akabonyeza mifupa taratibu, akamsimamisha Umeme. "Mfupa mzima, mguu umeteguka tu. Lakini damu inavuja ndani, nanyi mnaichochea kwa moto! Leteni barafu."

Mama alipoileta, Umeme akaidaka barafu, akataka kuibandika.

"Wee! Usiiweke tupu, itakuunguza!"

"Barafu iunguze, shangazi?"

"Tena vibaya. Ifunge kwa kitambaa, dakika kumi na tano, kisha iondoe. Mguu juu ya mto. Siku tatu za mwanzo, joto marufuku."

"Nitakimbia?"

"Ukitii, huenda. Ukikaidi, utashangilia wenzako."

Umeme alitii, hata beseni akalizunguka kwa adabu. Wiki ya tatu muuguzi alimkagua, akamruhusu, naye siku ya mashindano akakipokea kijiti na kukifikisha mwishoni.

Jioni hiyo mama alikuwa akimkanda bibi mgongo.

"Maumivu makongwe hutaka joto, jeraha bichi hutaka baridi," alisema. "Mimi dobi, sijawahi kupiga hariri pasi kwa moto wa jinzi. Kumbe mguu wa mwanangu ndio nilioupiga pasi bila kuuliza! Mwanangu, usilolijua, uliza kwanza."