Mikia Isiyo na Alama

Kila siku baada ya shule, binti yangu alikuja moja kwa moja kwenye maabara nilikokuwa nikitunza panya. Mama yake alikuwa amefariki, na nyumbani hapakuwa na mtu. Mlinzi wa getini alizoea kumtania.

"Karibu, mkwe wa panya. Wakwe zako hawajambo?"

"Hawajambo. Wanasema unakoroma, hawalali."

Daktari wetu alikuwa akichunguza vipanya vya kiume. Alimweleza binti yangu kwamba homoni ni kama mjumbe: tezi humtuma, damu humbeba, naye huenda kuziamsha seli zilizo mbali. Alitaka kujua kama homoni ya tezi ya shingoni huziwahisha kukua zile seli za korodani zinazotengeneza homoni ya kiume, ili siku moja ipatikane dawa ya watoto wanaochelewa kubalehe. Katika kila kizimba, nusu ya vipanya vilikuwa vimedungwa homoni hiyo, nusu maji ya chumvi tu. Sasa vilisubiriwa vikue.

Vya homoni vilichorwa mstari mwekundu mkiani, vingine mweusi. Mama zao walivilamba na wino ukafutika, kwa hiyo ilibidi kuchora upya kila siku. Mara tatu niliomba koleo la kutoboa masikio, tupate alama isiyofutika. Wakubwa walijibu kwamba kalamu inatosha. Wao hawashiki panya.

Ikatokea homa ikanilaza. Nikamwachia binti yangu kalamu, na hilo ni kosa langu. Jumamosi alichora. Jumapili aliruka kamba na wenzake mpaka jua likazama. Jumatatu alikuta mikia mitupu, vipanya vimefanana kama punje za mchele, tofauti ni unene tu. Akakisia: vinene akavichora vyekundu, vyembamba vyeusi.

Daktari alipovipima, uso ulimng'aa. "Vyekundu vyote ni vizito. Hili sikulitarajia. Huenda tumepata jambo jipya."

Jioni hiyo binti yangu hakugusa chakula.

"Baba, ule unene niliuchagua mimi." Akanieleza yote.

Niliiona kazi yangu ikiniponyoka. "Nyamaza," nikamwambia. "Panya hawasemi."

"Na mtoto atakayepewa dawa kwa sababu ya kukisia kwangu? Huyo naye asiseme?"

Kesho yake tulikwenda kwa Daktari, binti yangu akamweleza yote mwenyewe. Daktari alilifunga daftari lake la vipimo.

"Miezi minne ya kazi imepotea," alisema. "Haya. Afadhali nianze upya kuliko kujenga juu ya uongo."

Vipanya vyote viliuawa siku ileile. Mkuu wa maabara aliniachisha kazi kwa kumwingiza mtoto ndani. Habari ya koleo hakuitaja, wala hakuna aliyemuuliza.

Tulitoka getini na mfuko wangu wa nguo za kazi. Mlinzi aliangalia pembeni.

"Ningenyamaza, baba, ungekuwa na kazi."

"Ningekuwa nayo. Sikiliza, mwanangu. Kosa la kwanza lilikuwa langu nilipokuachia kalamu, la pili lako, la tatu langu nilipokunyamazisha. La wakubwa waliotunyima koleo lipo palepale, na sijui kama watalisema. Sisi yetu tumeyasema. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu hajakuamini. Leo huenda tukalala njaa, lakini hakuna mtoto atakayedungwa uongo wetu."

Aliupokea ule mfuko, akatangulia.