Gauni Lisilomwingia Chiriku

Vifungo vitatu tu ndivyo vilivyomtoa Mama Chiriku ndani magharibi ile. Vifungo vyeupe, vya gauni la mwanawe, gauni la kwanza kulishona tangu azaliwe. Alirudi navyo kiganjani akitembea kwa maringo, mwenyewe anajiona fundi kamili. Na fundi gani, jamani! Cherehani ya kuazima kwa shangazi yake, uzi umemkatikia mara ishirini, kidole kimechomwa sindano hadi kimevimba.

Akatia vifungo. Akamwita mtoto.

Chiriku alikuwa na miaka sita na mdomo usiojua kupumzika, ndiyo maana wakampa jina hilo. Aliinua mikono, mama akamvisha. Gauni likafika mabegani, likagoma. Mama akavuta. Likagoma vilevile.

"Mama, umemshonea mwanasesere?" Mtoto akaangua kicheko.

Mama Chiriku alitaka kulia. Alikuwa amempima mwanawe sawasawa, mabega, kifua, kiuno, kisha akakata kitambaa kwenye kipimo kilekile bila kuacha hata upana wa kidole wa kupitisha mshono. Kosa la mwanafunzi. Akamrudishia Chiriku fulana yake pana ya kulalia, akalikunja gauni kwa hasira.

Hodi ikapigwa.

Mlangoni alisimama mwanamke ambaye hakuwahi kumwona mtaani. Alibaki nje ya kizingiti, pale taa ya sebuleni isipofika vizuri. Harufu yake ndiyo iliyotangulia... harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi ikasahauliwa.

"Karibu, dada."

"Siingii." Alinong'ona. "Nimefuata hilo gauni. Si limekuwa dogo?"

"Nani kakwambia?"

"Nipe. Wangu litamtosha. Na yeye ana miaka sita." Akanyoosha mkono. "Ana miaka sita siku nyingi sana."

Mama Chiriku aliyasikia maneno yale, na mwili ulimsisimka. Lakini aibu nayo ina nguvu zake. Afadhali liondoke kabla mumewe hajalikuta akamcheka mwezi mzima. Akampa.

Mwanamke alipitisha vidole kwenye mshono, taratibu, hadi mwisho.

"Ulimpima kwa mkono wako mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Vizuri. Kipimo ni chake hasa."

Akaondoka. Njia yote ile ni kokoto, lakini nyayo zake hazikusikika.

Mama Chiriku hakuwa hata amefunga mlango.

"Mama... linanibana."

Aligeuka. Chiriku alikuwa amesimama katikati ya sebule, na ile fulana pana ikimfika magotini.

"Nini kinakubana, mwanangu?"

"Gauni. Kwapani. Nivue, mama..."

Aliipandisha fulana, na moyo ukampiga paa. Kila ubavu, kuanzia kwapa hadi kiunoni, ngozi ya mtoto ilikuwa na mstari mwekundu. Mstari wenyewe umepinda. Umepinda palepale mkono wake ulipoteleza kwenye cherehani. Na mtoto alikuwa anavuta pumzi nusunusu, midomo imeanza kubadilika rangi.

Alitoka mbio pekupeku. Mlango aliuacha wazi.

Mwisho wa uchochoro, karibu na ukuta, aliliona gauni. Limevaliwa. Mtoto aliyelivaa alikuwa amempa mgongo, na yule mwanamke haonekani. Mama Chiriku aliogopa, lakini huko nyuma mwanawe alikuwa anakata roho. Alilikamata gauni ubavuni kwa mikono miwili, akavuta kwa nguvu zake zote.

Trrrrr...

Angekuwa fundi wa kweli, mtoto angemfia. Mshono wa mwanafunzi hauaminiki, uliachia wote kwa mvuto mmoja.

Yule mtoto akashusha pumzi ndefu. Hakugeuka.

"Ahsante, mama," akanong'ona.

Sauti ilikuwa ya Chiriku.

Weee! Nani angengoja? Alirudi mbio bila kutazama kushoto wala kulia, akaingia, akafunga mlango, akatia komeo. Chiriku alikuwa ameketi sakafuni na fulana yake, anapumua vizuri. Mama akamkumbatia, akalia kwa kwikwi. Akaipandisha tena ile fulana. Mistari hakuna, ngozi laini. Fulana ilikuwa na unyevu. Jasho, alijiambia.

"Umepona, mama yangu? Halikubani tena?"

Mtoto akatikisa kichwa. Chiriku yule asiyejua kunyamaza, na hakusema neno.

Ko... ko... ko...

Mlango uligongwa chini, pale mkono wa mtoto unapofika.

"Mama, nifungulie! Nilikukimbilia nje, ukanipita..."

Akasogea hadi kwenye komeo, mtoto akiwa kifuani. Akauliza.

"Leo jioni... ulinicheka nini?"

"Gauni la mwanasesere."

Walijibu pamoja. Wa nje na wa ndani.

Mkono mdogo ukamshika kifundo cha mkono, ukabana. "Usifungue, mama."

Hakufungua. Nje mtoto alilia kwa muda, kisha kilio kikasogea mbali, kisha kikanyamaza. Mumewe aliporudi hakukuta mtu mlangoni. Kesho yake shangazi alikuja, akamtazama mtoto, akamtazama sana, kisha akabeba cherehani yake akaondoka. Hata chai hakunywa.

Sasa ni mwaka. Mtoto anakula, analala, anakwenda shule, hana baya. Akiulizwa anajibu. Mama yake anampenda, na anamwogopa, na kila akimwogesha hutaka kumwuliza jambo moja, akashindwa. Mpaka leo hajui jioni ile alimfungia nje nani.