Ndani ya Kiboko wa Bustani

Jumapili moja ya Machi 1977, saa moja asubuhi, kiboko wa bustani ya mji wa Jinja alikutwa amepasuliwa tumbo.

Hakuwa kiboko wa mtoni. Alikuwa wa saruji, mkubwa kama lori dogo, kijani kama mchicha, na watoto wa mji walikuwa wakimpanda mgongoni tangu siku alipomalizika kujengwa. Alikaa kati ya kibanda cha bendi, chenye nguzo nene za mawe, na chemchemi ambayo haikutoa maji tangu mafundi wake Wahindi wafukuzwe nchini. Gavana alitarajiwa kuizuru bustani hiyo kesho yake. Ndiyo maana Inspekta Wanyama, aliyekuwa amejiahidi kulala hadi saa tatu, aliamshwa na kuambiwa aende. Kwa miguu, maana Landrova ya polisi haikuwa na petroli tangu Jumatano.

"Hii ni kazi ya maadui ya serikali," alisema Koplo Nasur, mkuu wa kizuizi cha barabarani kilichokuwa pembeni mwa bustani. "Na mtu yenyewe mimi nimeshika."

Mtu mwenyewe alikuwa Yekosofati, mtunza bustani, mzee wa kijiji cha Budondo, amefungwa mikono nyuma na kukalishwa chini kando ya pipa la kizuizi.

"Umemshika kwa ushahidi gani?" aliuliza Wanyama.

"Iko na sururu."

"Mtunza bustani ana sururu! Na mpishi akikutwa na sufuria, naye tumfunge?"

Nasur hakucheka. "Saa sita kapteni anakuja na lori. Kama wewe hapana pata mtu mwingine, huyu atapanda."

Waliopandishwa lori lile kwenda kambini hawakurudi, na hapakuwa na ofisi ambayo mke au mtoto angeweza kwenda kuulizia habari zao. Alikuwa na saa tano za kumwokoa mzee yule, na hata chai hajanywa.

Alipiga magoti ubavuni mwa kiboko, akiulaani moyoni mji, jeshi, na goti lake la kushoto. Aliona kwanza matundu matatu madogo, yametobolewa hapa na pale. Kisha tundu kubwa, la kumtosha mtu kuingiza mabega. Ndani, penye uwazi, palikuwa na njiti za kiberiti zilizoungua. Kichwa, masikio na pua havikuguswa. Mtu anayetaka kuharibu sanamu huanza na pua. Huyu hakuwa na haja na sanamu, alikuwa na haja na kilichomo ndani. Wanyama aliokota kipande kimoja. Saruji ilikuwa kijani nje na kijani ndani, na vumbi lake lilimganda vidoleni likakataa kutoka.

Beldina, Mkenya aliyeuza chai nyuma ya kibanda cha bendi, alimmiminia kikombe kabla hajaomba.

"Mama, alfajiri ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa nawasha jiko. Kulikuwa bado giza giza."

"Uliona nini?"

"Sikuona. Siku hizi mwenye kuona ndiye anayeulizwa. Lakini masikio hayana mlango, afande. Nilisikia nyundo. Halafu mtu akasema kwa ukali, 'Toka! Mikono juu!'"

"Alikuwa akimwambia nani?"

"Kiboko."

Wanyama aliweka kikombe chini. "Mama Beldina, mimi nimechoka. Usinitanie."

"Haki ya Mungu! Hakukuwa na mtu mwingine wa kuambiwa."

Akiwa na shahidi wa namna hiyo, Wanyama aliona heri amtafute mtu aliyekimbia. Lori la Makokha, dereva wa kutoka Kenya, lililala kando ya bustani kila Jumamosi, na leo halikuwapo. Alikwenda kituoni kupiga simu polisi wa Mbale. Opereta alimuunganisha na hospitali. Mara ya pili alimuunganisha na mtu aliyekuwa akiuza mbuzi, ambaye hakukubali kukata mpaka aambiwe bei. Saa nne ilipopita ndipo Makokha alipopatikana, akishusha magunia kwenye eneo la viwanda la Mbale. Polisi wa huko walisema wamelipekua lori lote na hawakukuta nyundo wala chochote cha kijani.

"Mbona uliondoka gizani kama mwizi?" Wanyama alifoka kwenye simu.

"Afande, mimi huondoka saa kumi na moja kila Jumapili. Uliza askari wa kizuizi... aa, leo usiwaulize, hawakuwapo."

"Hawakuwapo?"

"Nilipiga honi, kimya. Nikashuka, nikasogeza pipa mwenyewe, nikapita, nikarudisha pipa. Mimi nina adabu zangu."

Wanyama aliiweka simu polepole. Kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa ameambiwa jambo lililofaa kuamkiwa.

Alirudi bustanini akiwaza ni nani aliyewatia askari fikra kwamba ndani ya kiboko kuna mtu, akachuchumaa mbele ya Yekosofati. "Mzee, jana jioni uliongea na nani kuhusu kiboko?"

"Na mama Beldina tu, afande. Aliniuliza, gavana anakuja, mbona hupaki kiboko lipu nzuli? Mimi nikamwambia hakuna haja. Langi iko ndani. Haiwezi kutoka mpaka mtu avunje."

"Rudia."

"Langi iko ndani ya kiboko, afande. Iko ndani kabisa. Haitoki mpaka mtu avunje."

"Na koplo alikuwa wapi?"

"Hapo kwa benchi, anakunywa chai."

Wanyama alifumba macho. Watu wa huku wakisema rangi, kinywani hutoka langi; na kwa Kiswahili chao kila kitu ni iko, debe iko, mbuzi iko, baba yangu iko. Mzee alikuwa akieleza kwamba rangi ilichanganywa na saruji. Lakini Langi ni pia jina la kabila la rais aliyepinduliwa, na mwaka ule Walangi walikuwa wakisakwa nyumba kwa nyumba, na mwenye bunduki alikuwa amekaa kwenye benchi akisikiliza.

Saa sita kamili lori liliwasili. Kapteni Sebit, mtu mnene mwenye asili ya Kinubi na Kiswahili safi, aliteremka akipangusa shingo kwa leso. "Nani amemuua mnyama wa gavana?"

"Huyu, afande!" Nasur alimsukuma Yekosofati mbele.

"Kwa ruhusa yako, kapteni," alisema Wanyama. Hakuwahi kumtuhumu askari wa jeshi, na aliowajua waliothubutu hakuwaona tena. "Koplo, saa kumi na moja alfajiri ulikuwa wapi?"

"Kwa kizuizi. Usiku mzima, mpaka jua."

"Gari lilipita?"

"Hata moja."

"Lori la Makokha lilipita saa hiyo. Dereva alisogeza pipa mwenyewe. Sasa lori liko Mbale, polisi wamelishika kwa mikono yao. Au liliruka?"

Sebit aliacha kujipangusa.

"Kapteni, tazama kamba za viatu vyake."

Buti zenyewe zilikuwa zimepigwa brashi zikang'aa. Lakini katikati ya kamba, mahali brashi haifiki, palikuwa na vumbi la kijani. Kijani kama mchicha.

"Uliacha kizuizi?" Sebit aliuliza kwa sauti ya chini.

"Afande, huyu mzee alisema kwa mdomo yake! Langi iko ndani!" Nasur alibubujika. "Ogwang, ile mwalimu Mlangi, ndiye alitengeneza hii kiboko! Mimi natafuta yeye wiki mbili! Nilichukua wenzangu tukazunguka kiboko, nikasema toka, hapana toka, nikavunja. Nilitaka mimi mwenyewe nimshike, nipate cheo. Ndani hapana kitu!"

"Ukaogopa, ukamkamata mtunza bustani," alimalizia Wanyama.

Sebit alimgeukia Yekosofati, akaokota kipande cha saruji. "Mzee, hii ni nini, hii ya kijani?"

"Langi, afande."

Kapteni alicheka mpaka leso ikaanguka. Alipomaliza kucheka hakubaki na kicheko hata kidogo. Aliung'oa utepe wa Nasur begani kwa mkono wake mwenyewe. "Unaacha barabara wazi kwenda kumwambia kiboko anyooshe mikono? Utamjenga tena. Wewe, kwa mikono yako. Na gavana nitamwambia ni mvua." Kisha akaamuru mzee afunguliwe.

Jumatano Wanyama alipitia bustanini, akihisi, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, kwamba amefanya kazi ya polisi. Nasur, kifua wazi, alikuwa akikoroga mchanga. Yekosofati alikuwa amesimama kandoni, mikono kiunoni.

"Inaendeleaje, mzee?"

"Vizuri, afande. Shida ni rangi. Rangi ya kijani imekwisha mji mzima, labda niagize Mbale."

Wanyama alisimama. "Umesema nini?"

Mzee alipepesa macho. "Langi, afande. Langi imekwisha."

Alikuwa amechelewa kujirekebisha. Wanyama alimshika mkono, akamvuta hadi nyuma ya nguzo za kibanda cha bendi. "Ogwang yuko wapi?"

Yekosofati alimtazama kama mtu anayepima kina cha mto kabla ya kuvuka. "Kenya," alisema. "Makokha alimshusha kabla ya Mbale, akavuka mpaka pale Lwakhakha Jumapili usiku. Alikuwa amejificha humu, kwenye dari ya kibanda hiki. Makokha alikuwa tayari kumchukua, lakini ilibidi kwanza askari waondoke kizuizini. Ogwang mwenyewe ndiye aliyesema, 'Kiboko ni saruji, wavunje. Nitajenga wengine nikiwa hai.' Ndiyo maana nilisema langi koplo akisikia; walipokuwa wakivunja, yeye akashuka kwa nyuma."

"Na mimi nikampigia simu dereva wake! Nikaamuru lori lipekuliwe!" Wanyama alishindwa kuchagua amkasirikie nani kwanza. "Ningemuua, mzee! Kwa ujinga wangu ningemuua! Kwa nini hamkuniambia?"

"Ulikuwa polisi, afande."

Hasira ya Wanyama ilikosa pa kwenda. Mzee huyu alikuwa amekaa kando ya pipa asubuhi nzima akilisubiri lori la kambini, na kinywa chake hakikuteleza hata mara moja. Leo, kwa furaha tu, kilikuwa kimeteleza, na askari yuko hatua chache akikoroga mchanga.

"Nisikilize vizuri," Wanyama alisema. "Kuanzia leo neno hilo usilitamke sawasawa mbele ya mtu yeyote. Hata mbele yangu."