Mti wa Uani kwa Mama Lovisa

Jani lenyewe lilikuwa bichi, na hapo ndipo penye maneno. Lingekuwa kavu, Edla angesema limenasa kwenye pindo la gauni lake tangu Hispania, angelitupa na kuendelea kukunja nepi. Lakini lilikuwa bichi, limelowa umande, lina meno madogo pembeni. Alilijua jani lile, maana alikua akilifagia uani kwao kila vuli. Na merikebu yao, *Hoppet*, yaani Tumaini, ilikuwa siku nyingi baharini, imejaa chumvi tupu, haina hata kitunguu kilichochipua.

"Valfrid!" alimwita mumewe. "Hebu njoo uone."

Nahodha Valfrid alishuka na kikombe chake cha kahawa, akalitazama jani, halafu akalitazama tumbo la mkewe. Mimba ilikuwa imeshafika mwezi wake, na siku hizo kila jambo lilisingiziwa tumbo.

"Jani," alisema.

"Jani bichi."

"Haya, bichi. Mwanamke mwenye mimba huona mengi."

"Na wewe unayeliona, una mimba ya miezi mingapi?"

Valfrid akacheka, akalitupa jani dirishani, akarudi juu kwenye dira yake. Alikuwa mtu mwema, tusimsingizie. Ila alikuwa na ugonjwa wa watu wenye haraka: jambo asilokuwa na nafasi nalo, kwake halikuwepo.

Kwao, visiwani Åland, merikebu hazikununuliwa. Kijiji kizima kilijijengea yake ufukweni wakati wa baridi, huyu akaleta misonobari, yule farasi wa kuburuta magogo, mwingine misumari na maneno mengi. Na kila nyumba yenye heshima ilikuwa na mti wake mmoja uani, usioguswa hata kijiti. Mti wa kwa kina Edla ulikuwa na mwenyewe. Jini, pepo, mwite upendavyo. Mama yake, marehemu Mama Lovisa, hakumpa jina. Alimwekea tu bakuli la maziwa shinani kila Alhamisi jioni, na asubuhi bakuli lilikuwa tupu. Uchungu wa kuzaa ulipomshika mwanamke wa nyumba ile, alitoka akaukumbatia mti ule, na mtoto alitoka salama. Edla mwenyewe alizaliwa hivyo.

Mama Lovisa alifariki wakati *Hoppet* inajengwa. Udongo wa kaburi haujatulia, Valfrid akaingia uani na msumeno. Usukani ulitaka mti mmoja mnene usiooza majini, na mti wa namna hiyo kijijini ulikuwa ule tu. Edla alilia, alipiga magoti, alimshika miguu.

"Mke wangu," Valfrid alimwambia kwa upole, "mti ni mbao ambayo haijapasuliwa bado."

Basi ukapasuliwa. Kiangazi kilichofuata Edla alijifungua mtoto wao wa kwanza, akiwa ameshika nguzo ya kitanda, na mtoto yule hakulia hata mara moja. Walimzika kando ya bibi yake. Sasa alibeba wa pili, na hofu yake ilikuwa moja tu, usiku na mchana: safari hii nitakumbatia nini? Walitarajia kufika nyumbani kabla ya siku zake za kujifungua, lakini Hispania walikaa mno wakisubiri chumvi, na siku zikawakuta baharini.

Na mti ule? Ulikuwa hapo hapo. Ulisimama nyuma ya merikebu, ukitoka majini, ukipenya ndani hadi kwenye gurudumu la usukani juu, na njiani ulipita nyuma ya ukuta wa mbao, kando kabisa ya kitanda cha nahodha na mkewe.

Baada ya jani, ikaja harufu. Chumba kilichozoea kunuka lami na mafuta ya taa kilianza kunuka udongo uliolowa na mbao mbichi. Kisha Alhamisi, jioni mapema, wanaume wako juu wanakula supu yao ya njegere na kuzozana, Edla alisikia kitu nyuma ya ukuta. Kilikuwa kinakwaruza sakafu taratibu, kikinyamaza, kikikwaruza tena. Aliisikiliza sauti ile mpaka nywele zikamsimama, kwa sababu aliijua: ni bakuli la mti, tupu, linasukumwa na mtu anayedai haki yake.

Alitoka mbio, tumbo mkononi, hadi jikoni kwa mpishi.

Mpishi aliitwa Taavetti, Mfini wa bara, na wenzake hawakumpa raha. Wafini wote wa bara, ati, ni wachawi. Wakipiga mbinja upepo unakuja. Siku hiyo tayari msaidizi wa nahodha, Isidor, alikuwa amesimama mlangoni akimchokoza.

"Mganga, tufanyie dawa. Merikebu inavuta kulia kama ng'ombe aliyeona zizi. Watu wawili hawaitoshi."

"Isidor, nenda ukaoge. Labda inakimbia harufu yako."

Lakini alipouona uso wa Edla alimfukuza Isidor, akamketisha Edla kwenye gunia la unga. Edla alimweleza yote kwa sauti ya chini. Taavetti alisikiliza, mwiko mkononi.

"Haya, nitafukiza," alisema mwishoni.

Alishuka na kikaango cha makaa, lami na matawi ya mrete, akaufukiza ukuta ule huku akinong'ona kwa lugha yake, macho ameyafumba, mabaharia wamejazana mlangoni kofia mikononi. Moshi ulipanda. Nyuma ya ukuta kitu kilikohoa, mara moja, kikohozi kikavu cha mtu aliyeudhiwa. Mlango mzima ulibaki mtupu, na wa kwanza kukimbia alikuwa Isidor.

Taavetti alikaa chini pale pale.

"Mama," alinong'ona, "mimi si mganga. Ningekuwa mganga ningekuwa huku nachemsha njegere? Nilikuwa nawataja shangazi zangu tu kwa majina."

"Mtoe, Taavetti. Nakuomba. Nina mtoto tumboni."

"Usiseme hivyo!" Akamshika mkono. "Usimwombe atoke. Kila merikebu ina mwenyewe, aliyekuja na mti wake. Akiwa na hasira, utapata taabu. Lakini akishuka, merikebu imebaki sanduku. Sijaona iliyohamwa na mwenyewe ikarudi. Wanaojua hawaifuati hata kwa macho."

"Sasa nifanyeje?"

"Muulize anataka nini. Wewe ndiye mwenye nyumba yake, si mimi."

Edla hakuthubutu. Zikapita siku za ukungu, merikebu ikivuta kulia, kulia, Valfrid akigombana na dira. Halafu asubuhi moja upepo wa magharibi uliamka na hasira, ukaufukuza ukungu, na wote wakaona walichokuwa wakivutwa kukielekea: ufuko wa Jutland, mchanga mrefu usio na bandari, mawimbi yakipasuka meupe juu ya mafungu ya mchanga, na mbavu za merikebu za wenzao zimesimama kwenye maji machache.

Mchana kutwa walipambana. Watu wanne walining'inia kwenye gurudumu na gurudumu halikusogea, walipunguza matanga na kuyaongeza, walitupa nanga na nanga ikakwangua mchanga bila kushika, na huko chini Edla, ambaye uchungu ulikuwa umemshika tangu ukungu unaondoka na ambaye hakumwambia mtu kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuambiwa, alilala akiusikia mti ule nyuma ya ukuta ukiguna na kuhema, ukihema kila alipohema yeye, ukikaza kila alipokaza yeye, na harufu ya udongo ikawa nzito hata akaionja mdomoni, na maji yakaanza kupenya chini ya mbao za ukuta, si maji ya bahari, maji matamu ya mvua, majani yakielea juu yake.

Valfrid aliingia, uso mweupe.

"Edla, vaa nguo nzito. Tunapanda mchangani."

"Nyumbani ni wapi?" Edla aliuliza.

"Nini?"

"Ukisimama hapa, nyumbani ni upande gani? Nionyeshe!"

Valfrid, aliyeijua ramani kuliko uso wake, alinyoosha mkono bila kufikiri. Alinyoosha kulia, kwenye ufuko, moja kwa moja.

"Basi ndiko anakokwenda," Edla alisema, na machozi yakamtoka. "Anarudi kwetu, Valfrid. Amechoka. Anakata njia fupi, nchi na yote. Mti utajuaje kuzunguka rasi? Lete shoka, uvunje huo ukuta!"

Mungu ambariki, mara ile hakubisha. Alipiga shoka, mbao zikaanguka, na wote wawili wakarudi nyuma. Mti ambao yeye mwenyewe aliuchonga na kuupaka lami ulikuwa umevaa gome lake tena, gome la kijivu lililopasuka pasuka, na alama ya kimo cha Edla, aliyochorwa akiwa mtoto, ilikuwa pale pale.

Edla alijiburuta, akaukumbatia. Akaweka shavu.

"Mwenyewe," alisema, "ni mimi, wa kwa Lovisa. Tumekukosea. Lakini huko siko, huko tutavunjika, na wewe utaoza mchangani na watu usiowajua. Njia ni ndefu, inazunguka kwa kaskazini. Tufikishe sote watatu, nami nakuwekea nadhiri: nitakurudisha uani, mahali pako." Uchungu ukamkata sauti. "Na wewe, Valfrid! Apa! Weka mkono!"

"Naapa," Valfrid alisema, kiganja kwenye gome. "Tukifika, naapa."

Hapo Edla alihisi mikono. Ilitoka upande wa pili wa mti, ambako hapakuwa na nafasi ya mtu kusimama, ikamzunguka, viganja vikubwa vikakaa mgongoni mwake, baridi, vinanuka udongo na maziwa yaliyoganda. Hakupiga kelele. Alikaza, na mikono ile ikakaza naye, na juu walisikia gurudumu likizunguka lenyewe na Isidor akimlilia mama yake.

Mtoto wa kike alizaliwa merikebu ikigeuka. Alilia kwa nguvu. Edla alikuwa hajawahi kusikia kitu kitamu hivyo.

Waliizunguka rasi, wakapita mlango wa bahari, wakafika nyumbani kabla barafu haijafunga, na mtoto akabatizwa Lovisa. Mti ulirudi kuwa mbao yenye lami. Edla alingoja. Baridi ikapita, Valfrid akiwa na hili na lile. Barafu ikaanza kuyeyuka, na matanga yakaanza kushonwa.

"Mti je?" Edla aliuliza.

"Safari moja tu, mke wangu. Nikiuchomoa sasa, kiangazi chote kimepotea, na kijiji kizima kinaitegemea merikebu ile. Vuli nitauleta mwenyewe, mabegani."

"Uliapa, Valfrid. Kwa mkono wako."

"Niliapa kuurudisha. Sikusema lini." Akamgusa kidevu kwa utani. "Na hebu sema kweli, mbona tangu tufike mti umetulia? Mwenyewe hatoi hata sauti."

Hilo lilikuwa kweli, na Edla hakulipenda, ila hakujua kwa nini. Siku ile ile Taavetti alikwenda merikebuni kukagua jiko lake. Alionekana akigonga mti wa usukani chumbani kwa nahodha na kutega sikio. Kisha alibeba sufuria zake zote, akasema jino linamuuma, akapanda mtumbwi wa kwanza kwenda bara. Mabaharia walimcheka hadi jioni.

Siku ya kuondoka, Edla alikataa kwenda ufukweni. Waligombana asubuhi, wakaachana bila kubusiana. Alibaki ndani, mtoto mikononi, akisikia kwa mbali nyimbo za kupandisha matanga. Nyimbo zilipofifia alisikia kitu kingine, karibu zaidi, nje ya mlango wa nyuma. Kitu kilikuwa kinakwaruza taratibu.

Alifungua. Juu ya kisiki cha mti ule, ambacho tangu kukatwa hakikuwa kimetoa hata kijani cha kulisha mbuzi, lilikaa bakuli la mama yake. Jana yake, Alhamisi, alilijaza maziwa. Sasa lilikuwa tupu, limelambwa. Na kisiki kizima kilikuwa kimechipua, machipukizi mabichi mazito, mengine yameshafika magotini, yanatiririka umande. Mtoto alinyoosha mikono, akacheka.

Edla naye alicheka. Alicheka kwa furaha, akapiga goti, akasema, "Umefika! Karibu, karibu nyumbani, umefika." Alikuwa bado anacheka alipomkumbuka Taavetti, na jinsi alivyomshika mkono, na neno alilolisema juu ya merikebu iliyobaki sanduku.

Alikimbia. Alikimbia bila viatu, mtoto kifuani, kupita makaburi, kupita mashamba, hadi ufukweni, akaingia majini mpaka kiunoni, akipiga kelele: "Rudi! Valfrid, rudi! Ameshuka! Rudini!"

"Mwacheni," wanawake wa ufukweni waliambiana wakitabasamu. "Asubuhi walikuwa wamenuniana. Sasa moyo umelegea."

Nao wakapunga mikono pamoja naye, ili nahodha aone. *Hoppet* ilikuwa inapita kisiwa cha mwisho, upepo mzuri nyuma yake. Valfrid alikuwa ameshika gurudumu mwenyewe, kwa mkono mmoja, akishangaa lilivyokuwa jepesi siku ile, halivuti kulia wala kushoto. Alimwona mkewe majini na mtoto, akajua amesamehewa. Akavua kofia, akawapungia.